Bei ya Kuagana

Mke wa mzee Killegrew ni kiziwi, kwa hiyo mzee hufungulia redio mpaka mwisho wa sauti yake. Huko Mississippi, mwishoni mwa 1941, ndugu wawili wa jirani humaliza chakula cha jioni, hungoja giza liingie, kisha huenda kusimama nje ya dirisha la sebule yake na kusikiliza habari za dunia bila kukaribishwa. Mkubwa, Pete, anakaribia miaka 20. Mdogo, ambaye ndiye msimulizi wetu, hajatimiza 9. Redio inapotangaza kwamba Wajapani wameishambulia Pearl Harbor, hakuna kati yao anayejua mahali hapo ni wapi. Pete anaanza kukosa usingizi. Siku chache baadaye anamwambia mdogo wake kwamba hana budi kwenda.

Hadithi hiyo ni "Two Soldiers" ya William Faulkner. Ilitoka katika The Saturday Evening Post la tarehe 28 Machi 1942, hata miezi minne haijatimia tangu mabomu yaanguke. Mtoto anatoroka nyumbani usiku kumfuata kaka yake. Anatembea hadi mjini, anataka kulipia nauli ya basi kwa yai la ndege wa majini ambalo kwake ni hazina, anafika Memphis, anamchomolea kisu askari anayemzuia mlangoni, na hatulii mpaka Pete aitwe. Pete anamwamuru arudi akamwangalie mama yao na ekari kumi za shamba. Anarudishwa kwa gari la jeshi, na humo ndani machozi yanamshinda. Nimeisoma mara nyingi. Kila mara hunishika palepale mwandishi alipotaka nishikwe, nami hukasirika kidogo kwa kushikwa kirahisi hivyo.

Faulkner aliandika mwendelezo. Katika "Shall Not Perish" ujumbe umeshafika: Pete amekufa baharini, Pasifiki, na hakuna maiti ya kuzika. Mama anajitanda, anamchukua yule mtoto, wanakwenda mjini kumpa pole tajiri mmoja ambaye naye amempoteza mwanawe, rubani. Tajiri yumo ndani na bastola karibu na mkono wake, na anakana kabisa kwamba kuna nchi iliyostahili kijana yule aifie. Hadithi hii ilikataliwa na jarida moja baada ya jingine. Hatimaye ilipokewa na Story, jarida dogo lililosifika kwa kuibua waandishi wapya na kwa kulipa kidogo, katika toleo la Julai na Agosti 1943.

Kuondoka kwa Pete, basi, kulinunuliwa na jarida lililokuwa likiuza nakala zaidi ya milioni 3 kwa wiki. Kifo chake kilitembezwa mlango hadi mlango. Najua sababu za kukataa hadithi huwa nyingi, na hii ya pili ina hotuba ndefu mwishoni kuliko inavyoweza kubeba. Lakini tofauti hiyo ndiyo iliyonirudisha kwenye hadithi za vita za majarida ya Marekani, nikizipekua kwa swali la kibiashara: ni sehemu gani ya vita iliyokuwa na mnunuzi, na ni ipi iliyolazwa ndani ya droo?

Soko lenyewe lilikuwa kubwa mno. Televisheni ilikuwa haijaingia majumbani. Post la Philadelphia, Collier's, Liberty, Cosmopolitan, Ladies' Home Journal na Woman's Home Companion yote yalihitaji hadithi mpya kila wiki au kila mwezi, na yalilipa vizuri kiasi kwamba mwandishi angeweza kuitunza familia kwa hadithi chache na kuandika riwaya zake kama anasa. Liberty lilikuwa na desturi ya kuandika juu ya kila hadithi muda wa kuisoma, kwa dakika na sekunde, ili mtu wa treni ajue kama ataimaliza kabla ya kituo chake. Hadithi ilianzia kurasa za mbele na picha kubwa ya rangi, halafu ikakatwa ghafla, ukaelekezwa nyuma kabisa, ambako ilibaki safu moja nyembamba iliyobanwa na matangazo.

Matangazo hayo nayo yanahitaji kusomwa. Viwanda vya magari viliacha kutengeneza magari ya raia Februari 1942, ila havikuacha kujitangaza. Vilichora vifaru na ndege vilizokuwa vikiliundia jeshi, na chini yake vikaahidi gari jipya siku ya ushindi. Watengenezaji wa majokofu na majiko wakafanya vivyo hivyo. Kwa hiyo msomaji aliyekuwa akifuatilia kijana anayemuaga mchumba wake kituoni alikuwa, kwa jicho la pembeni, akisoma pia kuhusu jiko litakalopatikana vita vikiisha. Safu zote mbili zilimwomba jambo moja: vumilia, utalipwa. Katika ukurasa kama huo, mtu aliyekwisha kufa anaharibu hesabu.

Serikali haikukaa kando. Ofisi ya Habari za Vita iliundwa Juni 1942, na ndani yake palikuwa na idara ya majarida iliyowapelekea wahariri mwongozo uitwao Magazine War Guide. Mwongozo huo ulipendekeza mambo yanayofaa kuingizwa hata katika hadithi za mapenzi: mgawo wa sukari, ubaya wa kununua kwa magendo, wanawake kuingia viwandani. Haukuwa amri, na wahariri wengi hawakuhitaji kuamriwa. Mtafiti Maureen Honey, katika kitabu chake cha 1984 kuhusu Rosie, taswira ya mwanamke wa viwandani, alizipitia hadithi za Post, zilizosomwa na tabaka la kati, pamoja na za True Story, jarida la maungamo lililopendwa na wanawake wa tabaka la wafanyakazi. Shujaa wa kike aliyehitajika akapatikana katika yote mawili: msichana anavaa ovaroli, anajifunza kuchomelea vyuma, anathibitisha kwamba ana uwezo. Vita vilipokaribia kwisha, kurasa zilezile zikaanza kumwelekeza jikoni. Wahariri waliompeleka kiwandani ndio waliomrudisha, na sidhani kama walihisi wanajipinga.

Haya hayakuanza na vita vya pili. Edith Wharton, aliyeishi Ufaransa muda wote wa vita vya kwanza na kuwahudumia wakimbizi, aliwacheka wahariri na waandishi wa aina hiyo katika "Writing a War Story", iliyochapishwa na Woman's Home Companion Septemba 1919. Binti wa Kimarekani aliyetoa kijitabu cha mashairi anamimina chai katika hospitali moja ya Paris. Anaombwa na mhariri aandike hadithi ya kuwachangamsha majeruhi. Hana la kusema. Mlezi wake wa Kifaransa anampa daftari alimoandika masimulizi ya askari waliougua mikononi mwake, binti anachukua moja, analipamba mpaka linapoteza uhai, linachapishwa pamoja na picha yake amevaa sare ya uuguzi. Majeruhi wanaipenda sana picha. Wanaomba nakala. Hadithi haitajwi na yeyote, isipokuwa mwandishi mmoja maarufu aliyelazwa humo, ambaye anaicheka. Wharton alikuwa na ukatili wa aina hiyo, na jarida la akina mama lilimruhusu kuutumia vita vikiwa vimekwisha.

Dorothy Parker hakungoja viishe. "The Lovely Leave" ilitoka katika jarida hilohilo Desemba 1943. Mke anasubiri likizo ya mumewe, rubani. Ametayarisha kila kitu, hata nguo. Mume anafika na kueleza kwamba saa walizoahidiwa zimefutwa, ana muda wa kuoga na kubadilisha tu. Dakika hizo chache wanazitumia kugombana. Mwanamke anaona wivu, na anayemwonea wivu si mwanamke mwenzake, ni kikosi: wale vijana ambao mumewe anawataja kwa sauti asiyomtumia yeye. Ni hadithi ya kuagana, kwa hiyo iliuzika. Parker aliutumia mlango huohuo wa soko kupitisha kitu ambacho mwongozo wa serikali haukukifikiria, yaani mke anayeona kwamba mumewe anafurahia kuwa mbali naye.

Sasa nije kwa mtu aliyetoka kwetu, kwa maana fulani. Roald Dahl alifika Dar es Salaam mwaka 1938 akiwa mtumishi kijana wa kampuni ya mafuta ya Shell. Vita vilipotangazwa Septemba 1939 alipewa kikosi cha askari wa Kiafrika kuzuia Wajerumani waliokuwa wakijaribu kukimbilia Msumbiji kwa barabara ya pwani. Baadaye akaenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Septemba 1940, akisafirisha ndege ya Gladiator kwenda kwenye kikosi chake katika jangwa la kaskazini, alielekezwa mahali pasipo sahihi, akatafuta uwanja mpaka jua likataka kuzama na mafuta yakawa yanakwisha, akajaribu kutua palipo na mawe. Fuvu lilivunjika, uso uliharibika, macho hayakuona kwa muda. Alipona, akapigana Ugiriki mwaka uliofuata, kisha maumivu ya kichwa yakamwondoa angani. Mwaka 1942 akatumwa Washington kuwa mwambata msaidizi wa anga katika ubalozi wa Uingereza.

Huko alifuatwa na C. S. Forester, mwandishi wa riwaya za mabaharia, aliyekuwa akiiandikia Uingereza propaganda katika majarida ya Marekani. Forester alitaka kusimuliwa kisa cha vita ili akiandike. Walikuwa mezani wanakula, kuandika kukawa kunasumbua kula, Dahl akajitolea kumwandikia maelezo baadaye. Forester aliyapokea, akayapeleka kama yalivyo. Tarehe 1 Agosti 1942, Post likayachapisha bila jina la mwandishi, kama taarifa ya kweli ya rubani Mwingereza. Kichwa chake kilisema kwamba alitunguliwa juu ya Libya.

Hakutunguliwa. Mwenyewe alipoandika kumbukumbu zake za ujana katika Going Solo, mwaka 1986, alieleza waziwazi kwamba hakuna risasi iliyoigusa ndege ile. Lakini fikiria meza ya mhariri mwaka ule. Upande mmoja ana kijana mrefu aliyekaribia kufa kwa sababu mkubwa mmoja alimpa maelekezo mabaya. Upande wa pili ana kijana huyohuyo aliyeangushwa na adui. Kisa cha kwanza kinamfanya mzazi wa Ohio ajiulize ni nani anayemwongoza mwanawe. Cha pili kinamfanya anunue hati za dhamana za vita. Kifo kilichokaribia sana kuja kikaruhusiwa kurasani, kwa sharti kwamba kije kutoka upande unaofaa. Nadhani hapo ndipo Dahl alipojifunza kwamba ukweli ni malighafi, na maisha yake yote ya uandishi, hata vitabu vya watoto, hakusahau somo hilo.

Milango ikafunguka. Majarida ya Marekani yakachapisha hadithi zake moja baada ya nyingine, na moja kati ya hizo ni "The Sword", ya The Atlantic Monthly la Boston, Agosti 1943. Kisa chake Dahl alikirudia katika Going Solo, ambamo mhusika anaitwa Mdisho, Mnyamwezi, mtumishi wake wa nyumbani Dar es Salaam. Ukutani palikuwa na upanga wa Kiarabu ambao Dahl aliununua kwa nahodha wa jahazi. Mdisho anasikia kwamba vita vimetangazwa dhidi ya Wajerumani. Anauchukua upanga, anakimbia usiku hadi shamba la mkonge la Mjerumani mmoja tajiri, anamkata kichwa, anarudi na habari njema. Bwana wake anapigwa na bumbuwazi. Anamwambia asimsimulie mtu.

Dahl alikieleza kama jambo lililotokea. Mimi hukisoma kama hadithi, kwa sababu kimekaa sawa mno. Hata hivyo kuna kitu ndani yake ambacho mwandishi hakukidhibiti kabisa. Mwingereza amemaliza siku nzima barabarani na bunduki akiwakamata watu hao hao ambao Mdisho amemuua mmoja wao. Tofauti kati ya kazi zao mbili ni karatasi ya serikali. Mdisho haoni kwa nini vita vya bwana viwe halali na vyake viwe siri, na hadithi haina jibu la kumpa. Msomaji wa Boston aliyeketi kibarazani Agosti ile huenda alimcheka tu mtumishi mwaminifu aliyepitiliza. Msomaji wa Tabora angekuwa na maswali mengine, ila hakuna aliyempelekea The Atlantic Monthly.

Mwaka uliofuata, 1944, askari wa Afrika Mashariki walikuwa Burma, kwenye matope ya bonde la Kabaw, wakiwasukuma Wajapani kuelekea mto Chindwin. Katika majarida ninayoyazungumzia, Mwafrika aliyeingia kuwa mhusika aliingia na upanga mkononi, kwa kalamu ya bwana wake. Upande wetu vita hivyo vilipata nafasi katika ushairi: Shaaban Robert aliviandikia utenzi mzima, na utenzi, kwa urefu wake, haumlazimishi mtu kuchagua kati ya kuondoka na kufa.

J. D. Salinger ndiye anayeniharibia hoja yangu, na kwa hilo namshukuru. Mwishoni mwa 1941 The New Yorker lilinunua hadithi yake kuhusu kijana wa New York aitwaye Holden Caulfield, anayekerwa na shule, mabasi na watu wote. Ilikuwa itoke kuelekea Krismasi. Pearl Harbor ilipopigwa, malalamiko ya mvulana wa familia yenye nafasi yakaonekana hayana adabu, na hadithi ikawekwa kando hadi Desemba 1946. Salinger akaandikishwa jeshini, akaendelea kuandika kambini, akayauzia Collier's na Post. Post halikupenda vichwa vyake. Hadithi aliyoiita kwa jina lenye kifo ndani yake, kifo cha askari wa kawaida wa miguu, ilitoka tarehe 15 Aprili 1944 ikiitwa "Soft-Boiled Sergeant", kana kwamba ni kichekesho cha yai.

Ndani ya ganda hilo la yai, lakini, mna kitu kigumu. Mume anasimulia kwamba mkewe anapenda filamu za vita, zile ambamo wanaume wenye sura nzuri hufa polepole, wamelala vizuri, wakiwa na nafasi ya kutuma salamu nyumbani. Yeye anamkumbuka sajenti aitwaye Burke, mwanamume mwenye sura mbaya sana, aliyemtendea wema alipokuwa kuruta wa miaka 16 analia kitandani. Burke alikufa Pearl Harbor. Vijana watatu walikuwa wamejificha ndani ya chumba cha majokofu cha jikoni, naye akatoka kwenye risasi kwenda kuwatoa. Alikufa peke yake, hana maneno ya mwisho, wala mchumba wa kuyapelekewa. Mwenye kusimulia anaeleza hayo na mkewe analia. Post lilichapisha kifo hicho miezi miwili kabla ya majeshi kuteremka Normandy. Sasa je, droo niliyokuwa nikiisema iko wapi?

Labda Salinger aligundua njia ambayo Faulkner hakuihitaji au hakuipata: kifo kilichokwisha kupita, kinachosimuliwa na mtu aliye hai kwenye kochi, na lawama ikielekezwa Hollywood badala ya jarida lenyewe. Msomaji akaruhusiwa kumcheka mpenda filamu, asigundue kwamba mkononi ameshika bidhaa ya aina ileile. Nimejaribu kuiona hila hiyo kama woga, nimeshindwa.

Tarehe 15 Julai 1944 Post likatoa "Last Day of the Last Furlough". Wakati huo Salinger alikuwa Normandy na kikosi cha 12 cha askari wa miguu. Aliteremka ufukwe wa Utah tarehe 6 Juni. Katika hadithi, Babe Gladwaller yumo nyumbani kwa wazazi siku ya mwisho kabla ya kusafirishwa. Rafiki yake Vincent Caulfield amekuja, na anataja kwamba mdogo wake, Holden, hajulikani alipo vitani. Mezani, baba anaanza kusimulia vita vyake vya 1918, na Babe anamkatiza kwa heshima: anaamini kwamba waliopigana wanapaswa kufunga midomo wakirudi, wasivitaje tena, maana kila kizazi kinachovisimulia kwa fahari kinawaandalia watoto vingine. Hapo hadithi ya kuagana, ile ile iliyouzwa kwa wingi, inasimama katikati ya jarida na kuliambia jarida linyamaze. Wahariri waliipitisha. Pengine waliona tu kijana mzuri, maziwa, keki na dada mdogo.

Baada ya hapo Salinger aliingia msitu wa Hürtgen, ambako kikosi chake kiliteketea kwa baridi na makombora majira ya vuli na mwanzo wa baridi ya 1944. Vita vilipokwisha Ulaya, alilazwa hospitali Nuremberg, akili imechoka. Ndipo Collier's la tarehe 1 Desemba 1945 likatoa "The Stranger". Babe amerudi. Anakwenda na dada yake mdogo kumwona mwanamke aliyewahi kupendana na Vincent ili amweleze jinsi alivyokufa. Anamwambia: watu walikuwa wanaota moto, kombora likaanguka bila onyo, Vincent alikufa baada ya dakika chache na hakusema neno. Babe anasisitiza jambo hilo, kwamba hakusema neno, kwa sababu anajua mwanamke huyo ameshasoma na kuona vifo vya aina nyingine. Angalia tarehe. Wajapani walikuwa wametia sahihi hati ya kusalimu amri miezi mitatu kabla. Kifo cha msituni, bila sajenti shujaa wala mtu wa kuokolewa, kilipata mnunuzi pale ambapo hakikuweza tena kumzuia mtu kujiandikisha. Katika hilo hoja yangu inanirudia, ingawa imechechemea.

Kulikuwa na vijana ambao hata kuondoka kwao hakukununuliwa. Jeshi la Marekani lilikuwa likiwatenga weusi, na lingeendelea hivyo hadi amri ya Rais Truman ya Julai 1948. Katika kurasa za majarida makubwa, mweusi mwenye sare alikuwa adimu kuliko jokofu jipya. Mwandishi mweusi Chester Himes alikuwa ameshawahi kuuzia Esquire hadithi, nyingine alipokuwa bado gerezani Ohio. Hadithi zake za wakati wa vita zilikwenda kwa The Crisis, jarida la NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, ambalo W. E. B. Du Bois aliliasisi mwaka 1910. Mojawapo, ya Januari 1943, inahusu askari mweupe mwenye chuki na askari mweusi katika uwanja mmoja wa mapigano, na inaitwa "Two Soldiers". Jina ni lilelile la hadithi ya Faulkner, miezi kumi tu baadaye. Ile inajulikana dunia nzima. Hii inajulikana na wataalamu.

Novemba mwaka huohuo, katika The Crisis, Himes alichapisha "All He Needs Is Feet". Mtu mweusi wa Georgia anashambuliwa na weupe kwa ugomvi wa njiani, miguu inachomwa moto mpaka inakatwa. Anahamia Chicago. Siku moja anakwenda sinema kutazama filamu ya vita, wimbo wa taifa unapigwa, ukumbi mzima unasimama isipokuwa yeye, na mtu aliyemwona ameketi anamtwanga ngumi. Kurasa tatu nne hivi, zimeisha. Hakuna mtu anayeaga mtu. Sijui jarida lipi la Philadelphia lingeweza kuiweka hiyo kando ya tangazo la matairi.

Wengine walijijengea mahali pao. Chicago, Mei 1944, Alice Browning na Fern Gayden walianzisha Negro Story, ambalo lilidumu hadi 1946. Katika kambi ya Topaz, jangwani Utah, Wamarekani wenye asili ya Japani waliofungwa kwa amri ya Februari 1942 walitoa jarida lao, Trek, na Toshio Mori akaandika humo. Kitabu chake cha hadithi kilikuwa kitoke 1942; kilitoka 1949. Na ni haki kutaja kwamba Harper's, Novemba 1942, lilithubutu kuchapisha "The Enemy" ya Pearl Buck, ambamo daktari Mjapani anampasua na kumponya baharia wa Kimarekani aliyetupwa na mawimbi nyumbani kwake. Harper's lilikuwa jarida la wasomaji wachache. Ujasiri hupata nafasi zaidi pale ambapo matangazo ni machache.

Kurt Vonnegut alikuwa mfungwa wa vita Dresden mji ulipochomwa Februari 1945. Hadithi yake ya kwanza ilinunuliwa na Collier's kwa dola 750, ikatoka Februari 1950, inahusu profesa anayeweza kuharibu silaha kwa nguvu za akili. Aliacha kazi ya mshahara akaishi kwa hadithi kama hizo miaka mingi. Dresden hakuiuza kwa mtu, kwa kuwa hakuwa bado amejua namna ya kuiandika. Collier's lilikufa Januari 1957, televisheni ikiwa imechukua matangazo. Post la kila wiki lilifungwa Februari 1969. Slaughterhouse-Five, riwaya ya Vonnegut kuhusu Dresden, ilitoka mwezi uliofuata, moja kwa moja kuwa kitabu.

Vita vya Vietnam, kwa hiyo, vilimalizika bila Post. Tim O'Brien aliyepigana huko mwaka 1969 na 1970 alipoanza kuandika hadithi, sehemu mojawapo iliyompokea ilikuwa Redbook, jarida la akina mama vijana, lenye mapishi na ushauri wa ngozi. Toleo la Mei 1975, mwezi uliofuata kuanguka kwa Saigon, lina hadithi ya askari kuruta aitwaye Paul Berlin, anayetembea gizani na kikosi chake kuelekea baharini. Mchana huo amemwona mwenzake, Billy Boy Watkins, akikanyaga bomu. Jeraha lilikuwa la kupona. Billy alikufa kwa hofu, moyo ukasimama. Paul Berlin anajitahidi asifikirie jambo hilo, na katikati ya usiku, adui pengine akiwa karibu, kinampata kicheko asichoweza kukizuia, wenzake wanahangaika kumnyamazisha. Anaiwaza simu ya maandishi ambayo jeshi litalazimika kumpelekea baba yake Billy, na maneno yatakayoandikwa humo.